Nafasi ya Jogoo

Kizuri chajiuza, walitufundisha.
Basi njoo Hull, Jumamosi, mvua inanyesha ubavu,
duka la hisani kwenye barabara ya Holderness,
uone kizuri kilivyolala kifudifudi
ndani ya boksi la ndizi,
chini ya sahani za harusi za watu walioachana,
bei pauni moja,
na hakuna anayeinama.

Stathers huinama.
Goti lake la kushoto hulalamika, naye hulitukana kistaarabu.
Vidole vyake, hivi vinavyopanga vifurushi usiku kucha
sambamba na vyangu, ghala namba nne,
hupekua santuri kama mtu anayechambua mchele:
huyu namjua, huyu namjua,
huyu dunia nzima inamjua,
ah.

Sharti letu lilikuwa moja:
jina lisitajwe mpaka wimbo uishe.
Saa nane usiku, chai imepoa,
waya mmoja wa simu, sikio lake na langu,
vichwa vimekaribiana kama vya wezi.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Elspeth Moar,
mpiga fidla wa Orkney, nakala mia mbili tu,
jaladani kasimama kando ya ng'ombe
utadhani ng'ombe ndiye mwenye albamu.
Na Cuthbert Fontaine wa Cardiff,
mchana kondakta wa basi, usiku tarumbeta,
anayevuta pumzi kabla ya kupuliza
kama mtu aliyeamua, hatimaye, kukiri kosa.
Na mabinti watatu wa Goole, punki tupu,
gitaa kama bati linalokatwa kwa msumeno.
Hao niliwakataa.
Sawa, akasema Stathers, ngoja wiki.
Siku ya tisa, naosha sufuria,
nikawakuta mdomoni mwangu.

Zamu yangu ilipofika niliona haya.
Nilikuwa na kaseti moja, isiyo na jina,
karatasi yake imeliwa na mende wa Lindi:
mwanamume na gambusi, chumbani,
mtu anaburuta kiti, mtoto anakatazwa jambo,
na katikati ya ubeti wa tatu
jogoo akawika.

Mwimbaji hakukasirika. Alinyamaza.
Akamwachia jogoo amalize lake,
kisha akaendelea palepale, silabi ileile,
kama mtu aliyempisha mgeni mlangoni.

Nani huyu?
Sijui.
Anaimba nini?
Nikaeleza nilivyoweza: mke, deni la cherehani,
fundi aliyehama na kipimo cha gauni.
Maneno yalifika kwenye Kiingereza yamechoka,
vumbi hadi magotini.
Stathers hakusifu, hakuponda.
Alirudisha nyuma, akamsikiliza tena yule jogoo.

Kibaya chajitembeza; hilo sibishi,
kimebandikwa ubavuni mwa kila basi la mji huu,
kina meno meupe na tarehe ya onyesho.
Lakini kizuri, nimegundua, hakina miguu.
Hubebwa.
Hubebwa na mtu mwenye goti bovu,
mfukoni, pamoja na funguo na risiti,
mpaka apatikane mwingine wa kumwambia: shika.

Februari. Mkanda wa vifurushi unanguruma,
majina ya watu yanapita, wasiojuana, wanaogusana pembe.
Stathers kanipa mgongo.
Anaimba chinichini, hajui kwamba anaimba,
na maneno yote kayavunja:
cherehani imekuwa kama jina la kijiji
cha huko kwao Yorkshire, chenye kanisa na baa moja.
Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu, katikati, akanyamaza.

Kifurushi kikapita. Kingine. Cha nne.
Grazyna akainua macho kutoka kwenye mizani:
Mbona umeacha?

Subiri, akasema Stathers,
kidole kimoja hewani.
Hapa kuna jogoo.